Irabu ya Mwisho

Saa tisa usiku, Amarillo, wodi ya mashariki,
kengele ya kitanda namba kumi na nne inalia tena.
Doña Refugio ana miaka tisini na mmoja na nyonga ya chuma,
na kila usiku huamka kwenda kuwalisha kuku
walioliwa kabla mimi sijazaliwa.

Nilikuwa na neno moja tu: no.
No, mama. No, no. Kama mtu anayefukuza mbuzi.
Alinitazama toka juu hadi chini,
akashusha mguu wa pili.

Ofelia wa dobi ndiye aliyenihurumia.
Aligeuza orodha ya mashuka, akaandika nyuma yake:
levantarse. Kujiinua.
Kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza akanieleza:
ukimruhusu, se hukaa nyuma, kama mkia. Levántese.
Ukimkataza, se hukimbilia mbele,
hujibana kati ya no na kitenzi,
kama wewe mlangoni. No se levante.
Halafu a ya mwisho hung'oka, huingia e.
Na vile vya er na ir?
Hivyo kinyume. Esconderse, no se esconda.
E imetoka, a imeingia,
pacha waliovaliana viatu.

Nilicheka mpaka kikapu cha taulo kikaanguka,
kwa sababu e hiyo naijua,
nilinyonya nayo.
Inuka, usiinuke. Lala, usilale.
Nani alimpelekea Mhispania irabu ya bibi yangu?
Ila ji yetu haihami. Jifiche, usijifiche:
palepale katikati, mtoto aliyelala kati ya wazazi.

Njiani nikafanya mazoezi,
gari la dawa likilia gurudumu moja:
no se levante, no se lave, no se quite la bata,
no se moleste,
na hii ya mwisho, wallahi, ni "usijisumbue" yenyewe,
imevaa kofia tu.

Ikafanya kazi. Wiki tatu.
No se levante, doña. Na mguu ukarudi chini ya blanketi.
Akasoma kibandiko kifuani mwangu, Zaituni,
akaniita Aceituna, tunda lilelile;
kumbe kuna Mwarabu aliyepita kwao na kwetu
akiuza neno moja kwa bei mbili.

Jumanne ile nilikuwa chumba namba tisa, beseni mkononi.
Kengele ikalia.
Nikasema, namaliza.

Nilimkuta chini, kati ya kitanda na dirisha,
kiganja kimefumba mahindi yasiyokuwepo.

Nikapiga magoti. Maneno yote yakanikimbia,
ya Kiswahili nayo;
nikabaki na lile la kwanza, no, no, no.
Akainua kidole, kama anayesahihisha daftari:
No te culpes, Aceituna.

Te. Si se.
Na ile s ndogo mwishoni, ambayo Ofelia alisema
huwekewa mtoto, rafiki, mbwa, na Mungu.
Nikaipitia kanuni vidoleni nikisubiri machela:
culparse. A imetoka. E imeingia.
Te imesimama mlangoni,
na safari hii anayezuiwa ni mimi.
Usijilaumu.

Nyonga ilisalimika. Mkono ndio uliovunjika.
Fomu ya ajali ina mstari unaouliza
mhudumu alimwambia nini mgonjwa.
Nikaandika herufi mbili.

Jana zamu yangu iliisha saa moja asubuhi.
Nilikuwa nimevaa koti, funguo za gari mkononi,
upepo wa Texas unasukuma dirisha kama mdai.
Kutoka kitandani, mkono ndani ya bendeji ngumu,
akasema neno moja tu:
Quédate.

Halina no.
Te imerudi nyuma, imekaa.
Nikavuta kiti.