Kabla Barafu Haijavunjika

Septemba, siku ya kwanza, chaki ingali ndefu,
niliandika kanuni kumi na saba ubaoni.
Usiteme mate. Usilale. Usicheke ovyo. Usi, usi, usi,
mpaka ubao ukawa zizi la makatazo
na wanafunzi thelathini na wawili wa darasa la tisa
wakanitazama kama kondoo watazamavyo lango lililofungwa.

Choijil, aliyekaa karibu na jiko la makaa, akanyoosha mkono.
"Mwalimu, tusiyotakiwa kufanya tumeyajua.
Sasa tufanye nini?"

Wenzake walicheka. Mimi nilichukua dasta.
Nikabakisha tatu:
Mmoja akisema, wengine ni masikio.
Kosa la hesabu halichekwi, linatafutwa.
Anayechelewa huingia kimya, na mchana hulipa dakika zake.

Wakaibishia ile ya tatu hadi kengele ikalia.
Baridi ya Tosontsengel, walisema, haijui saa.
Ikapita kwa kura, ishirini kwa kumi na mbili.

Kesho yake niligawa vipande vya karatasi.
Barafu ya mto Ider itakapovunjika,
utaweza kufanya nini ambacho leo huwezi?

"Kujitahidi," aliandika mmoja.
"Kufaulu," wa pili, na wa tatu, na wa tisa.
Nikawarudishia.
Bidii, niliwaambia, haina mkia wa kushikia.
Nionyeshe kitu ambacho hata asiyekupenda
akikitazama atakiri: hiki amekiweza.

Walinuna. Walitafuna kalamu.
Ndipo Pagma, binti wa wafugaji, alalaye bwenini
kitanda cha tatu kutoka dirishani,
akaandika kwa herufi ndogo kama sisimizi:
Nitakokotoa nyasi kavu za kondoo mia mbili na kumi,
Novemba hadi Mei,
nimwonyeshe baba alipokosea mwaka jana.

Mwaka jana walikufa sitini.
Hilo hakuliandika. Nililisikia jikoni.

Januari, nyuzi arobaini chini ya sifuri,
gari langu liligoma kama punda.
Nikaingia darasani saa mbili na dakika kumi na moja,
kope zimeganda, udhuru mzuri mdomoni.
Hakuna aliyenena.
Choijil aliitazama saa ya ukutani,
akautazama ubao,
kisha akanitazama mimi.

Udhuru nikaumeza. Ulikuwa wa kweli, ndiyo maana ulikwama kooni.
Mchana nilibaki nikizoa majivu ya jiko,
naye akihesabu, mtundu yule,
dakika kumi na moja, hakunipunguzia hata moja.
Tangu siku hiyo kanuni ya tatu sikuisoma tena kwa sauti.

Barafu ilivunjika Aprili, kipindi cha pili,
kwa kishindo cha kabati la vyombo likiporomoka ngazini.
Darasa zima likakimbilia dirishani.
Sikuwa na kanuni ya hilo,
na wa kwanza kufika nilikuwa mimi.

Nilipogeuka, Pagma alikuwa bado kwenye dawati.
Karatasi yake ilifutwa hadi ikatoboka.
"Muda umekwisha?" akauliza.
"Umekwisha," nikasema. Tarehe ni tarehe.
"Umeweza?"

Angeweza kunidanganya. Nisingejua,
mimi ni mtoto wa mjini, kondoo namjua mchuzini.
Akafikiri, akakwaruza meza kwa ukucha.
"Nyasi nimeziweza. Lakini siku theluji inapoganda
juu ya malisho, wanyama wasiweze kuyafikia,
hizo sijui zitakuwa ngapi.
Hapo bado."

Bado.
Daftari langu la alama lina safu ya ndiyo
na safu ya hapana, wino mweusi na wino mwekundu.
Nikachukua rula, nikachora ya tatu,
ikapinda kidogo pale mkono ulipotetemeka.
Kalamu akaichukua yeye, akajaza tarehe mpya,
kisha akaenda kuutazama mto.