Kwa Mwenye Gari wa Mwanzo

Sikujui jina.
Karatasi za bandarini zina jiji tu, Nagoya,
na namba ndefu kama ya mfungwa.
Lakini pua yangu ilikujua
siku ile ile gari liliposhuka melini Wete
na mimi nikafungua mlango kwa bismillahi:
moshi. Moshi mkavu, uliolala humo miaka,
wa mtu avutaye peke yake
foleni haisogei na mvua inanyesha.

Hivyo ndivyo nilivyokuchora.
Nikakuvisha suti, nikakupa kikohozi,
nikakupa mke aliyechoka kusema.

Nilipowasha, bibi mmoja ndani ya redio
akanena Kijapani kwa adabu kubwa, akanyamaza.
Shaame, mume wangu, akacheka:
"Na hiyo harufu ndiyo Japani yenyewe.
Itatoka na masika."

Masika yakaja, yakapita.

Basi nikakuingilia vitani.
Ijumaa ya kwanza nikavimwagia viti magadi soda,
vikalala usiku kucha kama vimeota mvi.
Ijumaa ya pili, siki na maji ya vuguvugu:
kitambaa kilipanda darini cheupe
kikashuka rangi ya chai.
Dari! Nani hufikiri dari ya gari?
Moshi hupanda kama majivuno
na hukaa huko huko.
Nikaweka makaa bakulini chini ya kiti.
Fundi Makame wa Bopwe akafungua kisanduku cha mbele,
akachomoa kichungi cha hewa, cheusi tititi.
"Pafu lake hili," akasema,
na pafu jipya likanila elfu thelathini na tano.

Bi Riziki jirani akaja na chetezo na udi wake wa akiba,
tukafunga vioo, tukafukiza.
Wiki nzima nikaendesha
bibi harusi anayevuta sigara.

Ilipoingia karafuu nikaokota makonyo jamvini,
nikayajaza soksi za mwanangu,
moja nyuma, moja chini ya usukani.
Na ikaondoka. Wallahi iliondoka!
Siku nne nilikwenda skuli
nikinusa kitambaa kilichokuwa kitambaa tu.

Jumatano ikarudi.

Nikakutukana, bwana,
tena kwa Kipemba, ambacho kina meno.

Kisha kalamu ikaniponyoka.
Nikainua zulia la upande wa dereva
nikakuta karatasi ya karanga, imesokotwa pembe,
na ndani yake si karanga:
vipisi vinne vya sigara, kimoja bado cheupe.
Nikaikunjua.
Hesabu za darasa la tano, wino mwekundu,
*Saba kwa kumi. Jitahidi.*
Mwandiko wangu.

Nagoya hawafungi karanga
kwa madaftari ya Limbani.

Shaame aliacha sigara mwaka juzi.
Aliapa mbele yangu, kiganja chake
juu ya kifua cha mwanetu
usiku ule pumu ilipombana hadi alfajiri.

Sikumwita. Sikupiga kelele.
Nilichukua ile kalamu,
nikapigia mstari neno *Jitahidi*,
mara mbili,
nikaisokota pembe kama nilivyoikuta
nikairudisha chini ya zulia.

Niwie radhi, bwana wa Nagoya.
Suti nakuvua, kikohozi nakufutia,
mkeo namruhusu aseme au anyamaze, apendavyo.
Ulivuta, ndiyo, dari ni shahidi,
lakini deni lako lilikwisha siku ya siki
na mimi nikaendelea kukudai.

Asubuhi nikawasha gari.
Yule bibi akasema lake, lile lile la kila siku,
kwa adabu ile ile.
Shaame, pembeni yangu, anatafuna karafuu
(tangu lini huyu anatafuna karafuu?)
akaniuliza, "Hivi huyu husema nini?"

Nikatia gea.
"Anasema anakujua."