Kwa Mwinjilisti Mihayo, Sikonge

Jumapili ulipiga kelele, Mihayo.
Neno lilikuwa fupi, sauti ikalivuta,
mtoto wa Kalunde akalala mdomo wazi.
Sikukasirika. Niliangalia viatu vyako:
vumbi la Tutuo juu ya vumbi la Chabutwa,
mitaa minne, baiskeli moja, breki hakuna.
Tulikupangia zamu za misiba
tukasahau kuuliza umekula nini.

Wazee walikaa. Mmoja akasema, "Aletwe mwingine."
Nikamjibu: mzinga ukikosa asali
hatuuchomi,
tunatazama kwanza maua yako wapi.

Marehemu mume wangu alihubiri miaka ishirini na sita.
Alipopotea njia mimbarini, nilinyamaza,
nikaita kunyamaza kwangu heshima.
Bado kunaniwasha.

Basi, Jumatatu ni yako, lala.
Breki atafunga Mlekwa, ameahidi mbele ya mkewe.
Mahindi yako stoo, chukua bila kuomba.
Na Alhamisi jioni njoo jikoni kwangu
unisomee mahubiri nikichambua maharage.
Nikisinzia, kata hapo.
Mikono yangu ikisimama juu ya ungo,
hapo, mwanangu,
usiongeze neno.