Imezimika

Mkaango wa zamani, ule wa baba yangu Ferruccio,
ulikuwa na tumbo la nyati na njaa ya nyati.
Ulimeza magunia mawili kwa mpigo,
ukanywa gesi kama mlevi siku ya mshahara,
na nusu ya joto ukalitema dohani,
likawa la njiwa wa Trieste.

Mimi nilichora kwa kalamu ya risasi
mashine ya kukaa juu ya meza,
kimo cha cherehani,
kilo moja na nusu, isizidi.
Baba aliitazama karatasi, akacheka:
"Hii utakaangia kahawa au utashonea vifungo?"

Nikashinda nayo kipupwe chote chumba cha nyuma,
upepo wa Bora ukigonga madirisha
kama mwenye nyumba anayedai kodi.
Pipa la kwanza lilikuwa kopo la rangi.
La pili, sufuria ya tambi aliyonipa Nerina wa ghorofa ya tatu
kwa sharti nisimrudishie.
La tatu liliyumba, likamwaga buni sakafuni,
punje za kijani zikakimbilia uvunguni mwa kabati;
hadi leo nikifagia naokota mojamoja.

Joto ni mgeni asiyeaga.
Huondokea penye skrubu, penye kioo,
penye mhimili unaozungusha pipa.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema.
Mimi nilianza na ukuta,
unene wa vidole viwili, sufi ya mawe ndani,
ndipo nikasaka ufa
kwa mshumaa, nikiangalia ulimi wake unainamia wapi.

Halafu ile hewa.
Imekwisha kufanya kazi, imebeba makapi,
inanuka majani makavu,
lakini bado ina nyuzi mia na tisini.
Niitupe kwa nini?
Nikaichuja, nikairudisha kwa feni chini ya pipa
ivaliwe tena,
kama koti la kaka linavyomshukia mdogo wake.
Mita ya umeme ukutani, iliyozoea kukimbia,
ikaanza kutembea.

Jaribio la kumi na saba, baba alishuka ngazi.
Masikio yake yalibaki kule bandarini,
miaka thelathini na mmoja ndani ya ngurumo;
buni ikipasuka haisikii.
Moto yeye huujua kwa uso na kwa kiganja.
Akaweka mkono juu ya bati.
Akautoa. Akauweka tena.
"Imezimika," alisema,
kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani.

Haikuzimika.
Nyuma ya vidole viwili vya sufi
buni ilikuwa inaita: ta. Ta-ta. Ta.
Nikavuta kishikio, ikamwagika kahawia, inang'aa,
moshi wake mdogo kuliko wa sigara.
Baba akaokota punje, akaivunja kwa ukucha wa gumba,
akanusa muda mrefu.
"Sawa," alisema.
Kisha: "Na sisi tutaota nini?"

Nikamkumbuka Nerina akianika soksi mbichi
ubavuni mwa lile nyati,
wapakizi wa meli wamelipa migongo, hawasemi kitu,
polisi mmoja aliyekuja kulalamikia moshi
akakaa mpaka jioni.
Kwenye hesabu zangu hao wote
nilikuwa nimewaandika kwa neno moja: hasara.
Asilimia arobaini na sita.

Usiku ule niliikunjua karatasi tena.
Iko hewa ya mwisho, ya nyuzi hamsini,
isiyoweza kukaanga hata njugu.
Nilikuwa nimeielekeza nje, dirishani.
Nikafuta mstari, nikaupinda,
nikaupitisha chini ya benchi.
Na kwenye safu ya hasara, pale penye tarakimu,
nikaandika: watu watatu, wakisogeleana wanne.

Soksi sijui nitazihesabu vipi.