Mtumishi wa Kwanza

Tunafanyia mazoezi ndani ya bwawa la kuogelea,
huku Hull, nyuma ya kituo cha zimamoto,
bwawa lililokaushwa tangu manispaa iishiwe pesa.
Mfalme husimama penye kina kirefu, futi tisa;
namba bado zimo vigaeni,
na sauti yake ikipanda hurudi imelowa,
kana kwamba maji hayajakubali kuondoka.

Mimi ni mshika kitabu.
Miaka thelathini na mmoja
nimewaokotea waigizaji maneno waliyoyadondosha.
Nakaa kwenye ngazi ya chuma, chupa ya chai miguuni,
kidole juu ya mstari.
Anayeongeza "lakini" pasipo na lakini,
namkoholea.

Mfalme huyu nimemwona kavaa manyoya,
nimemwona kavaa suti ya benki,
na mwaka mmoja ovaroli ya mchimba makaa.
Wakosoaji wakauliza, makaa yanahusiana nini na taji?
Baba yangu, aliyetoka Barnsley na vumbi mapafuni,
hakuuliza.
Nilimkuta nje kwenye maegesho,
funguo mkononi, hakumbuki gari liko wapi.

Safari hii mwelekezi ni Sunniva Akroyd,
miaka ishirini na tisa,
hana adabu hata kwa mkato.
Siku ya kwanza alisoma orodha ya wahusika
hadi mkiani kabisa:
Mtumishi wa Kwanza.
"Wa Pili yuko wapi?"
Tukacheka. Hayupo.
Karne nne, na hakuna aliyewahi kumtafuta.

Huyo wa Kwanza huingia tendo la nne na mshumaa.
Husema: "Taa, bwana wangu."
Mfalme humchoma kisu akimdhania mwingine,
kisha hunena mistari hamsini na miwili
juu ya uzito wa taji.
Mwili, kitabu chasema, unaondolewa.
Na nani, hakisemi.

"Hauondolewi," akasema Sunniva.

Crispin Ollerenshaw, mfalme wetu, akavua miwani.
Watu wanakata tiketi kuisikia hotuba hii, akasema,
wapo wanaoijua kwa moyo,
wanaitamka pamoja nami gizani, midomo inacheza.
Nami nikaunga mkono, nakiri.
Nilisema mchezo wa kale ni kama nyumba ya urithi:
paka rangi, lakini nguzo usiguse.
Sunniva akaniuliza nyumba hiyo nani alikuwa anaifagia.
Sikupenda. Mpaka leo sijapenda
alivyoniuliza mbele za watu.

Shilan ndiye anayeubeba mshumaa.
Mama yake husafisha ofisi usiku kule bandarini,
kwa hiyo anajua, bila kufundishwa,
mtu huingiaje chumbani asionekane.
Wiki ya tatu akaingia hivyo,
akasema maneno yake matatu,
akachomwa, akafa kikondoo,
macho wazi, uso kwa mfalme.

Crispin akaanza. Ishirini, ishirini na tano.
Mstari wa thelathini ulimtaka apige hatua mbele,
na mbele palikuwa na mkono wa Shilan.
Akanyamaza.

Neno nilikuwa nalo, chini ya kidole changu.
Kazi yangu ni kulitoa.
Nikafungua mdomo,
na jicho langu, sijui kwa nini, likamwacha yeye
likaenda kumtafutia Shilan mstari.
Nikapekua ukurasa, nikapekua uliofuata.
Hakuwa amesahau kitu.
Hakuwa amepewa.

Bomba fulani lilidondosha maji huko ukutani.
Sunniva hakuandika chochote.
Sikukohoa.

Ndipo mlinzi wa jengo akachungulia mlangoni,
kama kila jioni, mkono kwenye swichi,
akatuonya:
"Taa, jamani."

Hakuna aliyecheka.
Wakati wa kutoka nilimwuliza jina lake.
Akadhani amefanya kosa.