Rehani na Mrehani

Tulichukua namba: mia na kumi na nne.
Benki ya Mabela ina baridi ya kuhifadhia samaki
nami shali nimelisahau garini.
Muhannad amepiga kilemba chake cha Idi
kama anayekwenda kuposa.
Kumbe ndivyo hasa: anaposa deni.

Kijana wa dirishani ana adabu, ana haraka.
Ananiita khala, ananigeuzia karatasi.
"Nyumba haihami, khala, mpaka deni lihame kwanza."
Namwambia ni hiba, nampa mwanangu kwa ridhaa yangu,
mbele ya Mungu na mbele yako wewe.
Ananionyesha mstari chini ya jina langu:
imefungwa kwa benki.
Miaka kumi na sita nafagia kizingiti
na mstari ule umelala chini ya zulia.

Mthamini alikuja Jumatatu.
Akahesabu vyumba, viyoyozi, tangi la juu,
akagonga ukuta kama anayechagua tikiti maji.
Mlangoni aliupita mrehani wangu,
ule wa kwenye debe la samli,
kanzu yake ikaugusa, ukanukia ukumbi mzima.
Hakuuandika.
Nikajisemea: basi huu, herufi moja tu imeuokoa,
huu hauko rehani.

Asila alipiga simu kutoka Suhar.
"Mama, na mimi je?"
Nikamwambia njoo, nikupe fungu lako la deni.
Akanyamaza. Kisha akasema kesho ana zamu hospitali.
Simlaumu.
Lakini sufuria ilikuwa jikoni, ikaungua.

Sahihi ya kwanza ni ya deni,
ya pili ndiyo ya nyumba.
Kalamu ya Muhannad ilisita kwenye ile ya kwanza,
nikaiona mishipa ya mkono,
mkono wa babake siku anabishana na fundi
kuwa saruji imepunjwa.
"Miaka tisa," alisema kijana, "na miezi minne."
Nilitaka kusema: acha, mwanangu, na iuzwe.
Sikusema.
Nimetimiza sitini; benki haikopeshi mvi.

Muhuri ukagongwa. Namba mia na kumi na tano.

Nyumbani akanirudishia funguo
zile zile nilizompa njiani.
"Zako, mama."
"Za benki."
"Haya, basi sote tumeazima."
Tukacheka, yeye zaidi yangu.
Nikachuma kijiti cha mrehani
nikakikunja ndani ya nakala ya hati,
sijui kwa nini. Labda karatasi nayo
ijue nyumba ilikuwa inanukia nini.

Tarehe ishirini na tano sikulala.
Miaka yote hiyo, saa tano kasoro za usiku, simu hulia:
benki imekata riali mia mbili na kumi na tatu, ahsante.
Nikiitukana kila mwezi,
naigeuza kifudifudi, navuta shuka.
Usiku ule nimeiweka kifuani.
Nikaitazama: ina chaji, ina mtandao.
Saa tano. Saa tano na robo.
Nikadhani wamesahau.

Kisha, ng'ambo ya ukuta,
ikalia ya Muhannad,
mlio mmoja, mfupi,
na kitanda chake kikalia baada yake.