Fremu ya Waya

Ubaoni niliandika: Idadi. Jamii. Makazi.
Wakanakili, vichwa chini, kama makarani wa forodha.
Mvua ya Chiloé ilikuwa ikipiga bati,
na Yessenia Millacura, safu ya nyuma,
alikuwa akichokonoa mchanga kwenye kucha zake.
Nikafuta ubao. Nikasema: vaeni mabuti.

Maji yalikuwa yamekupwa kupwa la bamvua.
Nina fremu ya waya, nusu mita kwa nusu mita,
niliikunja mwenyewe kwa koleo; kona moja imepinda.
Nikaitupa kisogoni, bila kuchagua,
ikalia juu ya mwamba. Hesabuni.

Kome mia mbili na kumi na wanne: hiyo ni idadi.
Kome hao na mwani, kaa mmoja, konokono wawili,
na kitu chekundu ambacho hata mimi sikijui jina:
hiyo ni jamii.
Tia chumvi, baridi, jua la kubahatisha,
upepo unaokata masikio,
sasa mna mfumo wa ikolojia, na mafua juu yake.

Leandro alitaka kuonyeshwa ushindani.
Nikamwonyesha kome wachanga
waliojibanza migongoni mwa kome wazima
kwa kuwa mwamba umekwisha.
"Kama kwetu," akasema. Hakuna aliyecheka.

Ni nani huwazuia kome wasiumeze mwamba wote?
"Loko." Ndivyo wamwitavyo konokono yule
mwenye gamba kama ngumi.
Akila, huacha upenyo;
na katika upenyo huo wengine hupata pa kushika.
Naye loko huliwa na nani?

Jibu nilikuwa nalo mfukoni: kiti cha pweza, ndege, samaki.
Yessenia akanyoosha kidole kwenye mawe ya mbali,
alikoinama mtu mwenye kulabu ya chuma, gunia kiunoni.
"Mama."

Daftarini mwake mishale ilikwenda hivi:
jua, vijimea vya maji, kome, loko, Edelmira.
Nikaeleza kwamba kila ngazi huambulia
kama sehemu moja ya kumi ya nishati ya ngazi iliyo chini yake,
nyingine hupotea kwa joto na pumzi na jasho.
"Hiyo moja ya kumi," akasema,
"lori la Ancud huipitia kwanza."

Nikasema mchoro haujakamilika. Wako wapi waozeshaji?
Kila kiumbe ana mshale wake wa kwenda kwao.
Akachora kutoka kwa vijimea. Kutoka kwa kome. Kwa loko.
Penseli ikafika kwa Edelmira, ikasimama.
"Huu, mwalimu, utasubiri."

Maji yakarudi bila kubisha hodi.
Tulikuwa tumeshafika barabarani nilipoikumbuka fremu.
Iko kulekule, kona yake imepinda,
imezingira nusu mita ya bahari
ambayo hakuna anayeihesabu.

Nilimpa alama zote.
Kwa mwongozo wa wizara, mchoro ule umepungukiwa mshale mmoja.